Koili za Kumfikisha Mama Kabazi

Kaka yangu Hafiz Darweshi, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuweza kuendesha gari tupu. Ukimtuma sukari, alirudi na sukari, mabati ya jirani, na mama mmoja asiyemjua aliyemkuta amesimama juani na kikapu. Alisema gari tupu linamtia aibu, kama mtu anayekula peke yake huku wenzake wanamtazama.

Alitutoka mwezi wa Rajabu mwaka huu, baada ya Alasiri, akiwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yetu hapa Bondeni, Nakuru, akifunga kamba za viatu. Moyo ulisimama tu. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Mimi ni Sundus, mdogo wake wa pekee. Tangu tumzike, wanawe huja kwangu wakitoka madrasa, wananiuliza habari za baba yao, na habari wanayotaka irudiwe kila mara ni hii ya springi. Nimeona niiandike yote ilivyokuwa, kabla sijaanza kusahau vipande.

Kazi yake ilikuwa kubeba viazi. Alikuwa na Landrova ndefu ya zamani, ya kijani, aliyoinunua kwenye mnada wa shamba moja tukiwa bado vijana. Kwa zaidi ya miaka ishirini ilipanda mashamba ya Kabazi, huko mlimani, na abiria na mbolea, ikateremka na viazi. Springi zake zilikuwa za mtindo wa zamani: vyuma bapa vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama chapati na kufungwa pamoja. Zilipoanza kuchoka kwa mizigo, Hafiz hakuweka nyingine. Aliongeza vyuma juu ya vyuma. Mwishowe gari lilikuwa gumu kiasi kwamba likikanyaga sarafu barabarani, wewe uliyekalia kiti ungejua sarafu imelala upande gani.

Gunia la viazi halina mgongo wa kuuma, kwa hiyo hakuna aliyejali. Mpaka ilipokuja zamu ya Mama.

Mama yetu, Bi Jannat, alikaanga viazi karai mbele ya nyumba yetu tangu tukiwa wadogo. Viazi alivinunua kwa mwanamke wa Kabazi aitwaye Wanjugu, na urafiki wao ulianza kwa ugomvi. Siku moja Wanjugu alimuuzia gunia ambalo juu lilikuwa na viazi vizuri na chini vilivyooza. Mama alilikokota gunia mpaka sokoni, akalimwaga lote miguuni mwa Wanjugu mbele ya wateja, akakunja mikono. Watu wakangoja matusi. Wanjugu alitazama lile rundo, akatazama Mama, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Baba alipofariki, Wanjugu alikuja akakaa nasi matanga siku zote tatu, leso kichwani, akiosha sufuria kama mtu wa nyumbani. Mume wa Wanjugu alipofariki, Mama alipanda Kabazi akawamenyea waombolezaji viazi kutwa nzima.

Kisha uzee ukawafikia wote wawili. Mama aliteleza bafuni akavunjika pingili ya uti wa mgongo. Mfupa uliunga, lakini daktari akatuambia atembee kidogo, akae vizuri, na asitikiswe. Wanjugu naye alishikwa na miguu, akawa wa kitandani. Kwa mwaka mzima walizungumza kwa simu kila Jumapili watu wa Wanjugu wakitoka kanisani. Halafu masikio ya Wanjugu yakapungua nguvu, na simuni akawa anasikia mngurumo tu. Mama alipiga kelele mpaka akakohoa, na upande wa pili Wanjugu akawa anauliza, "Ni nani? Ni nani huyo?"

Mama aliirudisha simu mkononi mwangu. "Nipelekeni," akasema.

Hafiz alimpeleka. Alimwekea magodoro mawili, mito, na mimi pembeni nimshike. Kwenye lami tulikwenda vizuri. Tulipoiacha lami, mvua ya masika ilikuwa imeitafuna ile barabara ya murram ikabaki mifereji na mawe. Mama alianza kusoma uradi wake kwa sauti. Nilidhani ni ibada. Hafiz ndiye aliyetambua kwamba sauti inakatika kila tukipita shimo. Akasimamisha gari, akageuka.

"Mama, unaumia?"

"Endesha."

"Machozi hayo je?"

"Ni vumbi. Endesha, Hafiz."

Kulikuwa na matope, si vumbi. Hafiz aligeuza gari. Mama hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu alimwambia neno moja tu, tukiwa mezani: "Umeninyima Wanjugu."

"Nimekunyima maumivu, Mama."

"Maumivu ni yangu. Nani kakuomba unichagulie?"

Gari dogo lisingefika, tulikwisha kujaribu; teksi ilikwama njiani kwenda kwa Wanjugu, hata kabla ya kilima cha mwisho, ikarudi kwa kuvutwa na ng'ombe. Ambulensi Mama alikataa, akasema akishushwa na machela Wanjugu atadhani ni maiti. Lilibaki gari la Hafiz. Na kaka yangu, ambaye ile sentensi ya mezani ilimwingia, alitoka asubuhi iliyofuata akaenda kwa Sitati.

Sitati ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Bungoma mwenye mwili mkubwa na mdomo mkubwa kuliko mwili. Ana yadi yake upande wa viwandani. Hafiz alimwambia anataka kuzitoa springi bapa zote nne, aweke koili, zile za kuzunguka, kama za magari ya siku hizi.

"Boss, wewe unafikiria ni kubadilisha viatu," Sitati akamwambia. "Hiyo springi ya bapa inafanya kazi mbili. Inabeba gari, na inashika ekseli ya magurudumu isitoroke. Koili inabeba tu. Haishiki kitu. Ukiitoa hiyo ya zamani, ekseli inabaki kama ng'ombe bila kamba."

"Basi tutaifunga kamba."

"Mikono ya chuma ya kuivuta mbele na nyuma. Fimbo ya kuizuia isiende kando. Vikombe vya kukalia koili, tunachomelea kwa chasi. Shoki mpya za kutuliza mtikisiko. Hii kazi si ya leo, Mzee Hafiz."

"Mama yangu naye si wa leo. Tuanze."

Vyuma tulivifuata Naivasha, kwa mzee Kiplangat, ambaye hununua magari yaliyokufa na kuyakata vipande. Nilienda nao kwa sababu nilikuwa na miadi ya macho huko. Kiplangat alikuwa na mabaki ya Landrova mbili za miaka ya baadaye. Moja ilikuwa ya familia. Nyingine ilikuwa ya shamba la maua, ikibeba tangi la maji miaka yake yote. Ekseli na mikono yake Hafiz alivichukua kwa ile ya familia, vilikuwa safi. Zikabaki koili. Kiplangat alizipanga chini seti mbili, moja nyembamba, moja nene kama mkono wangu.

"Unabeba nini?" akauliza.

"Mama yangu."

"Na yeye ni kilo ngapi?"

"Hamsini hafikishi."

"Sasa si uchukue hizi nyembamba? Atalala kama mtoto."

Hafiz alichuchumaa. Aliigusa ile nyembamba kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa mboga iliyonyauka. Kisha akaikumbatia ile nene, akaiinua, akaiweka chini, ikatoa mlio.

"Hii," akasema.

"Mzee, hiyo ni ya tani ya maji!"

"Leo ni mama, kesho ni viazi. Chuma chembamba kitaketi chini siku ya kwanza."

Sitati akatikisa kichwa kukubali. "Hiyo ndiyo springi. Hiyo nyingine ni ya kalamu."

Kiplangat aliwatazama wote wawili. "Nyinyi watu wa mizigo," akasema, akaenda kutafuta waya wa kuzifungia.

Kazi ilichukua wiki tano. Gari lilikaa juu ya magogo katika yadi ya Sitati, miguu yote nje. Walikata vishikizo vya springi za zamani kwa moto, wakavisugua mpaka chasi ikang'aa. Kabla ya kuchomelea kikombe chochote, Hafiz alipima kwa uzi. Alifunga nati mwisho wa uzi, akaining'iniza kutoka kwenye chasi mpaka chini, akaweka alama ya chaki sakafuni, kisha akapima kutoka pembe hadi pembe, msalaba, kuhakikisha ekseli zimekaa sawa. Zikitofautiana hata upana wa kucha, alisema, gari litakwenda upande kama kaa. Sitati aliweka nukta mbili tatu za kuchomelea, wakapima tena, wakang'oa, wakaweka upya. Kikombe cha kulia mbele walikirudia mara nne. Sitati alilalamika kila mara, na kila mara alikirudia.

Ikifika saa ya swala, Hafiz alitandika gunia safi nyuma ya mtungi wa gesi na Sitati alizima mashine mpaka amalize. Hakuwahi kuambiwa afanye hivyo.

Nyumbani Mama alikuwa akiuliza kila jioni, "Wamefika wapi?" Nilimwambia, leo wameweka mikono ya nyuma. Leo wamefunga shoki. Wiki ya nne Mburu, mwana wa Wanjugu, alipiga simu. Alisema mathe, yaani mama yake, hali chakula vizuri, na akiamka huuliza kama Jannat amekuja. Mama alisikiliza, akaniambia nimwambie Hafiz aache kupima kwa uzi.

Gari likashuka kwenye magogo. Hafiz alilijaribu jinsi alivyojaribu kila gari maishani mwake. Alilipakia. Magunia kumi ya viazi, ya kilo hamsini kila moja, akalipeleka njia mbaya kabisa ya kuelekea machimbo ya kokoto, akarudi na uso kama wa mtu aliyetoka Umra. "Sundus," akaniambia, "nimepita kwenye mashimo na chai yangu mkononi." Na kweli, chai ilikuwa bado kikombeni. Aliteremsha magunia, akaosha gari, akatia udi ndani, akaja kumchukua Mama tumzungushe mjini kidogo kabla ya safari.

Tulifika kwenye tuta la kwanza. Landrova ilirushwa mbele, ikarushwa nyuma. Mama aliinuka kwenye kiti akarudi chini, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Hafiz alifunga breki katikati ya barabara. Pikipiki na magari yakaanza kutupigia honi.

"Hafiz," Mama akasema polepole, ameshika mgongo, "hili ulitengeneza la kunibeba au la kunitema?"

Hafiz alijua kosa lake papo hapo. Nilimwona akijua. Zile koili nene zilikuwa zikingoja tani ya maji, na yeye alizipa bibi kizee mmoja na binti yake. Hazikuinama hata kidogo. Zilisukuma tu, kama mlango uliofungwa.

Alimrudisha Mama garini kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kisha akaenda msikitini, Adhuhuri, akakaa huko mpaka Alasiri. Kiplangat tulimpigia simu. Zile nyembamba zilikwisha kuondoka, zimechukuliwa na mtu wa Narok. Angetafuta nyingine, wiki mbili, labda mwezi. Na Mburu alikuwa amesema mathe hali chakula.

Sitati alikuja nyumbani jioni hiyo na wazo. "Tunaweka magunia, boss. Si ilikuwa tamu na magunia?"

"Nipeleke viazi Kabazi?" Hafiz akasema. "Watu wa kule watanicheka mpaka Krismasi."

"Basi mchanga."

Mama alikuwa amelala kwenye mkeka wake, tukadhani amesinzia. "Mchanga utanifunika siku yangu ikifika," akasema bila kufumbua macho. "Sisafiri nao kabla. Sundus, niitie Ladan."

Bi Ladan ana duka la vitambaa mkabala na kwetu, na ni mwanamke aliyeumbwa akashiba. Aliingia akihema, akauliza kuna nini.

"Uzito wako ni kilo ngapi?" Mama akamuuliza.

"Subhanallah! Bi Jannat, nimekukosea nini?"

"Nataka kwenda kumwona Wanjugu, na gari la mwanangu halitaki mtu mwepesi. Natafuta magunia kumi. Wewe nakuhesabu mawili."

Bi Ladan aliweka mkono kiunoni. Nikajua sasa tutapigwa. Kisha akasema, "Moja na nusu. Na ninakaa dirishani."

Ndivyo tulivyosafiri. Mama alichagua mwenyewe, akiwa amelala pale pale, katika wanawake wa kikundi chetu cha maulidi, ambao karibu wote walikwisha kula viazi vya Wanjugu kwa miaka bila kumwona. Waliojitolea wembamba aliwakataa waziwazi. "Wewe, mwanangu, Mungu akubariki, lakini nenda ukale kwanza." Mama Salmin, ambaye alikuwa amefunga mwezi mzima asiongeze unene, alikubaliwa mara moja akaondoka amekasirika, kisha akarudi kuuliza tunatoka saa ngapi. Mimi nilihesabiwa gunia moja. Sitati alisema yeye ana kilo mia moja na kidogo, na kazi yake lazima aione barabarani, kwa hiyo akapewa nafasi ya mlangoni nyuma, juu ya gurudumu la akiba.

Jumamosi asubuhi Hafiz alitupanga kama alivyopanga mizigo siku zote. Alichuchumaa kando ya gari, akatazama koili, akasimama. "Bi Ladan, tafadhali sogea mbele kidogo." Akachuchumaa tena. "Mama Salmin, hamia kushoto." Wanawake walicheka mpaka gari likatikisika.

"Tumefungwa kamba au bado?" Mama Salmin akauliza.

"Ukipiga kelele nitakufunika na turubai," Hafiz akamjibu.

Aliona koili zimeketi, zimeinama kama zilivyokuwa na viazi. Akasema Bismillahi, akashika usukani.

Tulipopita mji mdogo wa Bahati, wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kasida. Tulipoiacha lami, wakanyamaza wote bila kuambiwa, maana kila mmoja alijua kilichotokea hapo mara ya kwanza. Shimo la kwanza likaja. Gari lilizama, likainuka polepole, kama mtu mnene anayevuta pumzi. La pili vilevile. Hafiz hakuwa akitazama barabara peke yake. Alikuwa akitega sikio upande wa kushoto, kwa Mama. Mama alikuwa anasoma uradi wake. Sauti haikukatika. Tulipita ile mifereji, tukapita mawe, tukapita mahali gari lilipogeuzwa, na uradi ulikwenda moja kwa moja kama maji kwenye bomba.

Bi Ladan ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Bi Jannat, vipi?"

"Usinikatishe," Mama akasema. "Hesabu yangu imefika themanini na mbili."

Kilima cha mwisho kilikuwa na utelezi. Mburu alitusikia akatukimbilia na jembe begani, akipunga mkono. "Shukeni! Mathe, shukeni nyote! Hii gari haitapanda na watu!"

"Hakuna kushuka!" Hafiz akapaza sauti dirishani.

"Boss, mko wengi sana! Kuna wamama hapo ni kubwa!"

"Ndiyo maana! Hakuna hata mmoja anashuka!"

Mburu alibaki kando na jembe lake, mdomo wazi, huku Landrova ikipanda kwa gia ya chini, imejaa mabuibui na vicheko, na Sitati nyuma akimpungia mkono kama kiongozi wa serikali.

Walikuwa wamemtoa Wanjugu nje, wamemlaza kwenye kiti kirefu kando ya ghala la viazi, blanketi miguuni. Aliona gari likisimama. Aliona wanawake wanashuka, mmoja, wa pili, wa tano. Akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, "Ngai! Jannat amekufa, wamekuja kuniambia."

Kisha Hafiz akafungua mlango wa mbele na Mama akashuka, ameshika mkono wake, wima.

Sikuandika walichosema, na sehemu kubwa sikukisikia, kwa sababu Mama alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana akazungumza ndani ya sikio la Wanjugu, na Wanjugu naye akamjibu kwa kelele. Tulisikia upande mmoja tu. "Nani? Huyo wa gunia? Ulinimwagia mbele ya watu, wewe mwanamke mbaya!" Na baadaye: "Nilikuwa nakungoja tangu mvua." Na baada ya hapo wote wawili walikaa mikono imeshikana, wakitazama bonde.

Mburu alikuwa amesimama na jogoo chini ya kwapa. "Nimemshika tangu saa mbili asubuhi," akamwambia Hafiz. "Tulijua tukichinja sisi hamtakula, tukasema tungoje mchinjaji." Hafiz alinawa mikono, akaomba kisu, akamwelekeza jogoo kibla, akachinja. Wakati wa Adhuhuri mkwe wa Wanjugu alifagia ghala, akatandika magunia mapya, akasimama mlangoni kuzuia kuku wasituvuke tukiwa kwenye sijida. Tulikula wali, kuku na viazi vya kuchemsha, na kabla ya chakula Mburu aliomba kwa jina la Mungu wake kwa heshima, nasi tukainamisha vichwa.

Wakati wa chai Hafiz alimwambia Mama kwamba Kiplangat akipata koili nyembamba atakwenda kuzichukua.

"Za nini?"

"Ili nikulete peke yako, Mama, siku yoyote, bila shida hii yote."

Mama alimtazama Bi Ladan, ambaye alikuwa akimenya kiazi chake cha sita. "Wewe ziache hizo," akasema.

Aliziacha. Wanjugu aliishi miezi minane baada ya hapo, na Mama alipanda Kabazi mara tano zaidi, kila mara na magunia yake. Ya tano ilikuwa ya mazishi. Hafiz naye akaondoka kabla ya Mama, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia, na Mama amelipokea kwa subira iliyotushinda sisi wenye nguvu. Namshukuru Mungu kwa kaka niliyepewa. Lakini ile safari ya kwanza bado sijaimaliza, kwa sababu ilikuwa na kurudi.

Tuliagana baada ya Alasiri. Mburu alitupakilia viazi, na Hafiz akavipangua na kuvipanga upya. Tulipofika lami, kasida ilianza tena, na Mama Salmin alikuwa ndiyo kwanza apandishe sauti pale Hafiz alipoinua kidole mdomoni. Tukachungulia mbele. Mama alikuwa amelala. Hakuwa amefumba macho tu. Kichwa kimeegemea, kinywa kimefunguka kidogo, na mkono umeanguka mapajani. Tangu avunjike mgongo, hakuwa akipata usingizi wa mchana hata kwenye kitanda chake.

Wanawake saba na Sitati tulikaa kimya kama tuko darsani. Hafiz alipunguza mwendo. Magari yalitupita yakitupigia honi na yeye aliyapungia mkono ndani ya dirisha yanyamaze, kana kwamba madereva wanamwona. Tulifika kwenye barabara kuu. Kulia ni mjini, kwetu. Hafiz akakata kushoto, kuelekea Lanet.

"Hafiz!" Bi Ladan akanong'ona. "Nyumbani ni huko!"

"Najua."

"Duka langu limefungwa tangu asubuhi!"

"Shh."

"Magharibi inakaribia," akanong'ona Mama Salmin.

"Kuna msikiti huko pia."

Alitupitisha taratibu mbele ya kambi ya jeshi na zile nyumba mpya, akageuza, akaturudisha mpaka karibu na mjini, akamtazama Mama, bado amelala, akageuza tena.